Kikwembe ya Mugongo

4 novembre

Mvua ya kwanza imepiga leo asubuhi. Bâche, ile turubai ya nyumba, imevuja pale pale ilivujaka mwaka jana, juu ya kitanda ya mutoto wangu Gloire. Nikaweka sufuria. Gloire alisikiliza matone, akacheka, kisha akaanza kukohoa na hakuacha mpaka saa sita.

Niko naandika mu cahier, daftari ya Kingereza, juu mwalimu Given alituambia kila mutu aandike sentensi mbili kila siku. Kwa Kingereza sitaweza. Nitaandika na Swahili yetu ya Pweto, kule Congo. Kama Given anataka kusoma, atafute mutu wa kumufasiria.

7 novembre

Leçon ya leo: verbe get.

Tunasomea mu kanisa, nyuma ya saa nane. Wengi ni wamama, pamoja na mzee Constantin, jirani yangu, ambaye alikuwaka karani wa tribunal kule Congo na hata leo anavaa cravate, tai ya shingo, hapa Zambia ku camp ya wakimbizi, mu matope. Mwalimu Given ni kijana wa Nchelenge, mwembamba, anakuja juu ya kinga, baiskeli yake, ambayo tairi ya nyuma imefungwa na kamba. Akaandika get ku ubao, akasema ni kupata. Tukaandika. Kisha akasema get up ni kuamuka, get wet ni kulowa, get sick ni kugonjwa, get home ni kufika nyumbani.

Mzee Constantin akainua mukono.

"Monsieur, basi hii verbe yenyewe inasema nini?"

"Inategemea iko na nani, tata," Given akajibu.

Kifaransa iko na kiburi yake, lakini kila kitu inapewa verbe yake. Hawa wa Kingereza wametupatia moja, tugawane kama sabuni ya distribution.

Mimi sisomi kwa kupenda. Clinique ya camp inatafuta wamama wa kupita nyumba kwa nyumba kufundisha watu juu ya maji na malaria. Watatuuliza maswali mu mwezi wa tatu, na wanataka mutu ajue Kingereza kidogo. Nikipata ile kazi, nitapata namna ya kufunika hii nyumba, na mutoto wangu atalala pakavu. Ni hiyo tu.

9 novembre

Mvua. Sufuria mbili.

12 novembre

Gloire hakulala, kifua kinapiga filimbi. Nesi akamusikiliza mugongo, akaniambia mutoto asilale kwenye maji. Nikamuuliza alale wapi basi. Akaandika dawa.

15 novembre

Leo nimefanya kitu na sijui kama nimefanya vizuri.

Nilienda Kabuta, kijiji ngambo ya mutoni, na bunga ya muhogo kwa mama mumoja wa pale, ba Febby, kama kawaida. Mwaka wa nne sasa tunabadilishana: mimi naleta bunga, yeye ananipa chisense, zile samaki ndogo anazianika ku muchanga mbele ya nyumba yake. Nilienda na Gloire, juu singeweza kumuacha na ile kifua. Tukafika, mvua ikaanguka yote. Ba Febby na mimi tukakimbia kufunika chisense na plastiki, na Gloire akabaki mu nyumba. Nyumba ya tofali za kuchoma, na mabati. Tuliporudi ndani, mutoto alikuwa amelala juu ya mukeka, mudomo wazi, kifua kimya. Mvua ilikuwa inapiga mabati kama watu wanatupa mawe, na yeye amelala.

Ba Febby akamuangalia sana. Swahili yake ni ya soko, lakini inatosha; mimi ananiita Bana Gloire, mama ya Gloire.

"Bana Gloire, acha mutoto kwangu. Mvua ikiisha, utamuchukua."

"Atakusumbua."

"Asumbue nani? Mimi niko peke yangu hapa na samaki."

Nikafikiria ile sufuria mbili. Nikakubali mbele ya chai kupoa.

Gloire alipoamuka nikamuelezea. Ana miaka tano, anasikia mambo. Hakulia. Akauliza, "Mama utarudi lini kunichukua?"

"Mvua ikiisha."

Akaenda ku mulango, akatoa kichwa, akaangalia juu. Akarudi. "Imeisha," akasema. Ni kweli, ilikuwa imekatika, jua lilikuwa juu ya ziwa yote mpaka Congo. Ba Febby alicheka sana. Nikamuambia Gloire hapana, si hii, ile mukubwa, ya miezi. Akakaa chini, akavaa viatu vyake kabisa, miguu yote miwili, halafu akaniangalia nikienda.

16 novembre

Nyumba iko kimya. Niliamuka usingizini nikahamisha sufuria, kumbe kitanda hakina mutu.

21 novembre

Get better: kupona. Get worse: kuzidi kuwa mubaya. Mbele na nyuma, verbe ileile. Given anasema tusishangae, tukariri tu.

1 décembre

Wamefunga ziwa leo, nyavu zote zitoke mpaka samaki wazae. Soko imekuwa ya mifupa. Get by, Given anasema, ni kuishi na kidogo kile uko nacho bila kufa. Mama mumoja nyuma akasema, "Hiyo tunajua, tuletee ingine."

25 décembre

Nimetoka Kabuta. Nilipeleka bunga na sandali nyekundu. Gloire amenenepa! Mashavu yamerudi, kukohoa hakuna. Aliimba ku kanisa pamoja na watoto wa pale, kwa Kibemba, mikono inacheza kama yao. Sikusikia neno hata moja, nikapiga makofi. Ba Febby alikuwa amemupaka mafuta, amemusuka nywele mistari midogo midogo, kazi ya siku nzima. Alitupikia wali na kuku. Nilipotaka kuosha vyombo alinikatalia. Nikamuombea Mungu mu njia yote ya kurudi. Hakuna muke muzuri kama yule ku hii pande ya ziwa.

Gloire hakuuliza ninarudi lini. Nikafurahi, nikasema mutoto amekomaa.

9 janvier

Mvua. Mutoni umechukua kidaraja. Hakuna pikipiki, hakuna kinga, hakuna kwenda Kabuta.

10 janvier

Mvua.

11 janvier

Mvua. Kona ya bâche imepasuka, mzee Constantin akapanda juu na cravate yake kuifunga. Nikamuambia aitoe kwanza. Akasema mutu anapanda juu ya nyumba ya mujane, lazima avae vizuri. Nilicheka, mara ya kwanza huu mwezi.

14 janvier

Ba Febby amemuandikisha Gloire ku masomo ya watoto wadogo ya pale. Débora ameleta habari. Débora ni wa kwetu, aliolewa na mutu wa Kabuta, anakuja huku kuangalia mama yake. Anasema walimuandika Mapalo, juu karatasi za Gloire niko nazo mimi, na Mapalo ni jina rahisi. Ni baraka, kwa Kibemba. Nilisema sawa, jina ya masomo tu.

18 janvier

Débora tena, jana, amelowa mpaka ku kiuno. Gloire ana homa kali, siku ya pili. Nikafunga mulango na kamba, nikaenda.

Nataka kuandika vile ilikuwa.

Ku mutoni maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, inabeba matawi. Vijana wawili walikuwa wameweka mti, mutu anapita akijishika ku kamba. Katikati mguu uliteleza, nikabaki nimeninginia na mikono, na mbele yangu kijana anasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, usiache kamba." Sikuacha. Ku kichwa nilikuwa nimejifunika ile kikwembe, kitenge ya bluu na mafeni ya manjano. Niliinunua Pweto nikiwa na tumbo ya Gloire. Baba yake alipoiona alisema umeme hatuna lakini feni tuko nazo, na alikufa mbele mutoto hajaota meno. Mu hiyo kikwembe nilimubeba Gloire ku mugongo siku tulikimbia. Nilitembea naye namna ile mpaka mugongo wangu na kifua chake vikawa jasho moja.

Nilifika Kabuta jioni. Ba Febby alikuwa amekaa chini na mutoto juu ya mapaja, anamupangusa na maji, macho mekundu, hajala. Alikuwa amemupeleka ku clinique, alikuwa amempa dawa, yote ilifanywa. Nikakaa upande mwingine. Tukapokezana.

Asubuhi homa ikashuka. Gloire akafungua macho, akatuangalia sisi wawili, moja moja, akaomba maji. Hakusema anaomba kwa nani. Tukasimama wote wawili.

19 janvier

Nilirudi leo. Mbele ya kuondoka nilimufunika Gloire na kikwembe, nikamuambia ba Febby: "Hii ni ya kumubebea. Ibaki naye." Nilitaka alale na harufu yangu. Mama mukubwa wa ba Febby alikuwa pale, mzee mwenye jicho moja, alikuja kumuona mugonjwa.

Ba Febby alipiga magoti chini. Akapokea na mikono miwili, akapiga makofi pole pole, akaanza kulia bila sauti. Mama mukubwa akapiga makofi naye, akasema maneno ya Kibemba marefu. Nikasema natotela, neno moja nalijua, asante. Wakalia zaidi.

Nilifikiria mu njia: angalia heshima ya hawa watu, kikwembe ya zamani vile, inapokelewa kama ya harusi.

24 janvier

Get along: kusikilizana na mutu. Niliandika sentensi kwa Kingereza, mimi na Febby tunasikilizana. Given akaweka alama nzuri.

2 février

Mvua. Muhogo wangu umeanza kuoza chini.

6 février

Get over. Ni kupita juu ya kitu, ukuta ao mutoni, na tena ni kumaliza kulia mutu. Mama wa nyuma akauliza unajuaje umemaliza. Given ni kijana, hakujua kujibu. Akasema tuendelee.

13 février

Débora alikuja leo kuazima sindano. Alikaa, akazungusha kikombe, nikajua ana kitu. Mimi ananiita yaya, dada mukubwa.

"Yaya Pierrette, ni kweli umemutoa mutoto?"

"Kumutoa namna gani?"

"Kabuta yote inasema. Ulimupa Febby kikwembe ya mugongo. Mbele ya mama yake mukubwa."

"Nilimupa mutoto ajifunike."

Débora akashika kichwa. Akanielezea pole pole, kama mutu anatoa mwiba. Mu ile famille ya ba Febby, nguo mama alimubebea mutoto haitoki ku mukono wake. Inaweza kuchakaa, inaweza kuwa kitambaa ya kupangusa meza, lakini inabaki kwake. Mama akiipeleka kwa muke mwingine, mbele ya mukubwa wa nyumba, anasema: mugongo wangu umechoka, mubebe wewe. Hawaandiki karatasi, hawaiti polisi. Imekwisha pale.

"Na wewe ulijibu natotela," Débora akasema.

Niliweka chai chini. Kwetu nguo ya mugongo ni ya mutoto. Unaiacha naye ukienda safari, ili ajue utarudi. Kila mama wa Pweto anajua hiyo. Nilisema, "Kwetu ni kinyume."

"Najua yaya. Mimi pia nilikosa mambo kule miaka yote miwili ya kwanza."

"Na haukuniambia mbele?"

"Haukuniuliza. Na nilifikiri pengine umechoka kweli. Nani hachoki huku."

Niliogopa hiyo neno, umechoka, kuliko yote.

15 février

Nimetoka Kabuta. Naandika na hasira, itasomeka vile itasomeka.

Ba Febby alikuwa anageuza ku muchanga, na ufagio, chisense ya mbele ya ziwa kufungwa. Gloire alikuwa anafukuza bata. Alivaa robe, gauni ya bluu na mafeni ya manjano.

Mimi ni mushonaji. Kule Pweto nilikuwa na mashine yangu, na wanafunzi. Niliangalia ile robe mbele ya kuangalia uso wa mutoto, Mungu anisamehe. Ilikatwa vizuri. Feni moja imekaa katikati ya kifua sawasawa, mishono imenyooka, mukono umepandishwa kidogo ili ashushe akikua. Ingekuwa ya kupotoka, ningejua kulalamika. Mutu alichukua wakati.

Gloire akaniona, akasimama, akapiga goti dogo kama watoto wa pale. "Mulishani ba auntie," akanisalimia.

Ba auntie. Mimi.

Nikamuambia ba Febby, "Ulikata kikwembe yangu."

"Ulinipa."

"Nilimupa mutoto ajifunike! Wewe ukajipa mutoto."

"Bana Gloire, mimi niliomba? Siku moja niliomba? Ulileta mwenyewe, mbele ya mama mukubwa, na mudomo wako ukasema ni ya kumubebea, ibaki."

"Sikujua mambo yenu."

Akaweka ufagio chini.

"Nilipiga magoti chini mbele yako nikalia. Mutu anakulilia ku miguu yako, haumuulizi kwa nini analia?"

Nilimuona analia, nikafikiri ni tabia yao.

Kisha nikasema kitu kibaya. Nikasema muke asiyezaa anaona mutoto wa kila mutu ni wake. Akasema yeye alizaa. Mara moja, mutoto wa kiume, alimubeba siku mbili. Nguo yake iko mu sanduku. Alisema hivyo tu, akaokota ufagio, akaanza tena kugeuza samaki.

Nilimushika Gloire mukono. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Chienge, nyeusi. Nikafikiri mutoni, ule mti, kamba, na nyuma ya mutoni nyumba yangu na sufuria zake. Kifua chake kilikuwa kimya chini ya feni ya manjano. Nikaachilia mukono.

"Nitakuja kumuchukua," nikasema.

"Mvua ikiisha," ba Febby akajibu, bila kuinua kichwa.

16 février

Sitaki kuandika.

20 février

Get rid of. Kutupa kitu usichokitaka tena. Sikuingia kanisa. Nilisikilizia inje, chini ya mabati, kisha nikarudi nyumbani.

27 février

Given alipita kwangu kuuliza kwa nini sionekani. Nilimuambia verbe yenu inanichosha, inaingia kila mahali kama maji. Akacheka kidogo. Anasema yeye mwenyewe hajalipwa tangu mwezi wa kumi na mbili, anakuja tu kwa sababu ku nyumba baba yake anamuuliza kila siku amepata kazi. Sikujua. Nilikuwa nikimuona mutoto wa watu wenye inchi yao, mwenye kila kitu. Nikampa muhogo wa kuchoma. Mbele ya kwenda akaniandikia: get back. Ni kurudi, na tena ni kurudishiwa kitu yako.

"Na ikirudi imebadilika?" nikamuuliza.

"Bado ni get back, mama."

5 mars

Mvua kubwa. Kila siku nasema verbe na sauti mu nyumba tupu. Jirani wanafikiri nimeokoka mu kanisa ingine.

19 mars

Siku ya maswali. Tulipangwa ku bench ya clinique, wamama kumi na mbili kwa nafasi tatu. Ndani kulikuwa na madame wa Lusaka, wigi nzuri, uso wa kuchoka, na bwana mumoja anaandika.

Madame akaniuliza kwa Kingereza, na tabasamu: "How did you get here?"

Nilimusikia vizuri. Alikuwa anauliza asubuhi, kama nilikuja na miguu ao na kinga, ni swali ya kumufungua mutu mudomo. Nilijua. Lakini ile verbe niliila tangu mwezi wa kumi na moja, ikanipanda ku koo. Nikajibu yote. I got up, nikasema, they were shooting. I got my child. I got on the road. I got wet, I got sick, I got no husband. I got to Zambia. Now my child, I want to get her back. Bwana akaacha kuandika. Madame akatoa wigi kidogo ku sikio, akairudisha.

"And this morning?" akauliza pole pole.

"I walked," nikasema.

Nilitoka nikijua nimeharibu.

28 mars

Jina yangu iko ku mulango wa clinique. Ya pili, kati ya zile tatu.

Nilisimama pale kama mujinga, nikaisoma mpaka mulinzi akaniambia mama, haitabadilika, enda nyumbani.

3 avril

Ku kanisa walikuwa na mabati ya zamani ya choo kilichoanguka. Wamenipa mimi. Mzee Constantin na Given wamepanda juu, mumoja na cravate, mwingine na matundu ku suruali, wakigombana ku Kifaransa na Kingereza nani ashike nyundo. Mvua ilikuja nyuma ya saa kumi. Nilikaa juu ya kitanda ya Gloire na mikono wazi, kungoja tone. Hakuna.

11 avril

Mvua ndogo. Nadhani ni ya mwisho.

14 avril

Kidaraja wameirudisha. Jua siku nne. Kesho naenda.

Nimemufikiria ba Febby sana hii juma. Mu mwezi wa kumi na mbili nilimuona malaika, mu mwezi wa pili nilimuona mwizi. Alibaki pale pale anageuza samaki. Aliyekuwa anazunguka ni mimi. Na bado namuchukia kidogo, sitaandika uongo.

15 avril

Nilidhani kutakuwa kelele, mama mukubwa, watu wa kusimama ku njia. Hakukuwa na mutu. Ba Febby alikuwa amemuosha mutoto, amemupaka mafuta, amemusuka upya. Vitu vyake vilikuwa mu kifurushi: sandali nyekundu ambazo hazimuenei tena, cahier ya Mapalo, sahani yake ya bluu. Gloire alivaa ile robe.

"Alianza kufunga hii vitu tangu mvua ya mwisho," Débora alikuwa ameniambia ku njia, nikienda. Mimi sikuamini mpaka niliona.

Ba Febby akanipa kitambaa iliyokunjwa. Ni kipande kilichobaki ku kikwembe nyuma ya kukata robe. Alikuwa ameikunja pembeni na kuishona, uzi mudogo mudogo, ili isifumuke. Haitoshi kubeba mutoto. Labda kufunga kichwa.

"Hii ni ya kwako," akasema. "Sikumuiba mutoto wako."

"Najua, ba Febby."

"Haujui."

Nilitaka kupiga magoti. Naandika hapa kwamba nilitaka. Magoti yalikataa. Nilipokea na mikono miwili, nikasema aksanti kwa Swahili, juu ile natotela niliogopa kuitumia tena.

Akamuinamia Gloire, akamuambia maneno ku sikio, kwa Kibemba. Mutoto akaitika, eya, eya. Tukaenda. Gloire hakulia, mimi wala. Nyuma yetu nilisikia ufagio ukianza ku muchanga.

Njia yote nilimuongelesha. Alijibu na kichwa. Swahili anasikia, lakini ikitoka inatoka imevunjika, anatafuta neno, analipata kwa Kibemba, ananiangalia kama nitakasirika. Ku mutoni nikachuchumaa, nikamuambia panda mugongo. Akakataa na heshima kubwa, "Iyo ba auntie, miye naweza." Akapita kidaraja mwenyewe, mukono mumoja umeshika robe isilowe.

Jioni nilimuonyesha mabati. Akaangalia juu, akasema ni mazuri.

16 avril

Niliamuka nikasikia ufagio. Saa ile nilifikiri ningali Kabuta. Kumbe Gloire alikuwa ameamuka mbele yangu, amekunja blanketi yake, amefagia uwanja wote mpaka ku njia, mistari ya ufagio imenyooka kama ile ya ba Febby. Kifua chake kimya. Alilala pakavu, usiku muzima, chini ya mabati ya mama yake. Nimepata yote niliyoomba mwezi wa kumi na moja, hakuna kitu hata moja imebaki.

Alikuwa amevaa sandali nyekundu kwa nguvu, visigino viko inje. Kifurushi kilikuwa juu ya mapaja. Alikuwa amekaa ku jiwe, anaangalia njia ya Kabuta.

Nilikaa karibu yake. Nikamupa chai, akapokea na mikono miwili, akapiga goti. Kisha akatafuta maneno, moja moja, kwa Swahili, ili anifurahishe. Neno la mama tu lilibaki kwa Kibemba.

"Ba auntie. Bamayo atakuja lini kunichukua?"

Niliangalia juu. Hakukuwa hata na wingu, mbingu safi mpaka Congo. Ningemuambia kweli. Mimi ndiye mama yako, hakuna anayekuja. Mudomo ulifunguka kwa hiyo.

"Mvua ikianza," nikasema.

Akafikiri. Akasema natotela, akaweka kifurushi vizuri juu ya mapaja, na akaangalia juu.